Mzee Orville Bado Anatafakari

Nimewahi kumwona mtu akinenepa kwa sababu hajaamua kura yake. Sitanii.

Ni huku kwetu Oregon, mji wa milimani, mwaka ule hospitali yetu ilipotaka kufunga wodi ya wazazi. Kura ilikuwa moja tu: tuongeze kodi ya majengo wodi ibaki, au tukatae ifungwe.

Binti yangu Kirsten alikuwa na mimba ya miezi sita. Wodi ikifungwa, angelazimika kuvuka mlima katikati ya theluji, uchungu umemshika. Nilikuwa silali.

Nikajitolea kwenye kampeni ya kuitetea wodi, kugonga milango ya wale wasio na upande. Tukaambiwa tusimhubirie mtu, tumwonyeshe faida yake.

Kwetu karatasi ya kura huletwa nyumbani kwa posta, unaijaza kwa nafasi yako na kuirudisha kabla ya siku ya mwisho. Mtaa niliopewa ulikuwa mrefu. Nikaanza na Orville Haugen, mzee aliyefiwa na mkewe, anaishi peke yake.

"Mwanangu, nina miaka themanini na moja," akaniambia. "Wodi ya wazazi, nikazae nani?"

Nikamwambia wodi ikifungwa vijana watahama, nyumba yake itakosa mnunuzi. Akasema hauzi. Nikamwambia ikifungwa hiyo, kitakachofuata ni chumba cha dharura, na moyo wake ule si wa kuaminika. Hapo akakuna kidevu.

"Una hoja. Ila bado natafakari. Hebu nipasulie hizo kuni wakati nafikiria."

Nikapasua. Kesho yake nikarudi, nikapasua tena.

Siku ya tatu namkuta Lorna, wa upande unaopinga kodi, kamletea viazi vya kuoka na jibini, anamweleza jinsi kodi itakavyomla. Mzee anatafuna, anaitikia kwa kichwa.

"Nawe una hoja," anamwambia.

Damu ikanichemka. Nikaapa huyu simwachii Lorna, hata iweje. Nikamletea nyama ya kulungu. Nikamsafishia bomba la moshi. Nikacheza naye karata, nikajifanya nafungwa.

Kirsten akaniuliza, "Baba, na zile nyumba nyingine?" Nikamjibu kesho. Kesho ikazaa kesho.

Matokeo yakatoka. Tulishindwa kwa kura chache, watu wasiojaza hata basi la shule.

Nikaenda kwa Orville nimefura. Nikamuuliza usoni kama kura yake alimpa Lorna.

"Nilitaka wodi ibaki," akasema. "Nilijaza siku ileile bahasha ilipofika. Kabla hata hujaja kugonga."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Sasa mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambia, ungerudi?"

Nilitaka kumtukana, nikashindwa.

Januari niliuvuka ule mlima na Kirsten kiti cha nyuma, analia, theluji inafunika kioo. Mtoto alizaliwa salama, lakini safari ile simwombei hata adui.

Ndugu zangu, ukienda kumfundisha mtu faida yake, angalia asije akawa anaijua kukuzidi. Orville alijua yake: mtu wa kugonga mlango. Yangu ilikuwa kwenye milango ya mtaa mzima, na sikuigonga.