Viatu vya Bwana Harusi kwenye Rafu ya Mukhtar

Saa moja asubuhi, Tangmarg, mji mdogo wa milimani Kashmir, na Mukhtar Khanday amelala chali chini ya gari la mtu. Yanayoonekana ni magoti mawili na pindo la joho lake la sufu lililolowa theluji.

"Amekufa au anafanya kazi?" anauliza Fazi, muuza chai wa jirani, huku akimwekea kikombe cha chai ya chumvi kando ya gurudumu.

"Nikifa utamuuzia nani chai mbaya hivi?" sauti inajibu kutoka chini.

Mukhtar, mwenye miaka hamsini na miwili, hukodisha na kufunga minyororo ya magurudumu kwa magari yanayopanda mlimani. Ni rupia mia nane kwa siku. Theluji ikiyeyuka, anarudi kwenye mitufaa yake.

Kilichompa jina ni rehani yake. Hataki pesa wala kitambulisho, anataka viatu. Unavua vyako, unapewa mabuti ya mpira, na viatu vinakaa kwenye rafu mpaka minyororo irudi.

"Wa pesa walitokomea na minyororo yangu," anasema. "Wa kitambulisho, mmoja aliniacha na cha marehemu babu yake. Lakini mtu wa kukimbia na mabuti yangu hajazaliwa. Yananuka."

Rafu hiyo ikamfundisha jambo asilolitegemea. Jioni moja viatu vya familia nzima vilibaki. Akapanda kuwatafuta, akawakuta wamekumbatiana kwa baridi ndani ya gari lililotumbukia mtaroni. Tangu siku hiyo hafungi kibanda mpaka rafu iwe tupu.

Leo mteja mgumu anaingia saa nne. Ni Owais Zargar, kijana wa mjini Srinagar, na gari jipya ambalo bado lina maua ya harusi kwenye boneti. Kando yake ameketi mkewe, Sabreena, mzaliwa wa kijiji cha juu. Wanakwenda kwa wazazi wake, na ndiyo mara ya kwanza bwana harusi kula ukweni.

"Mzee, hili linavuta kwa magurudumu yote manne," Owais anasema bila kuzima injini. "Minyororo ya nini?"

"Kuvuta, linavuta. Kwenye barafu nani atalisimamisha? Mama mkwe?"

Fazi anacheka mpaka birika linatikisika. Sabreena hacheki. "Owais, vua viatu."

"Niende kwenu na mabuti ya mpira?"

"Ndiyo. Baba naye anayo kama hayo."

Viatu vyeusi, vinavyong'aa kama paji la uso la mwenyewe, vinapanda rafuni. Mukhtar anapitisha vidole kati ya tairi na bodi. Nafasi ni finyu, minyororo minene itakwangua. Anachukua ile myembamba ya kebo na kuifunga magurudumu yote manne.

"Nikifunga mbele tu, wakati wa kushuka nyuma itataka kukupita," anaeleza. Anamwambia asogee kidogo, asimame, kisha anaikaza upya. "Taratibu, bwana harusi. Na usiivue mpaka urudi hapa."

Kutwa magari yanapanda na kushuka, viatu vinaingia na kutoka. Ikifika saa kumi na moja jioni, vimebaki vile vyeusi tu.

"Mukhtar, funga," Fazi anamhimiza akikunja turubai lake. "Kijana kalishwa nyama akalala."

"Bibi harusi aliniambia watashuka kabla ya magharibi."

Mukhtar anatia viatu kwapani, anawasha jipu lake la zamani, lenye minyororo kote, na kupanda. Njiani anachungulia kila mtaro.

Anawakuta chini kidogo ya kijiji. Gari limekaa upande, pua imezama kwenye ukuta wa theluji. Ng'ambo ya pili hakuna ukuta, ni bonde tu. Wote wawili ni wazima. Magurudumu yako matupu.

"Minyororo iko wapi?"

"Kwenye buti la gari, nyuma," anasema Sabreena. "Aliivua kabla ya kufika nyumbani, eti inapiga kelele kama mkokoteni. Wakati wa kuondoka, ukoo mzima ukatoka kutuaga. Akaona aibu kuinama mbele yao. Akasema atafunga tukishapita kona."

"Kona ikawahi," Owais anasema.

Mukhtar hamgombezi. Anampa viatu vyake. "Shika. Leo nimekuletea mwenyewe." Kisha anaifunga minyororo upya, analivuta gari kwa kamba mpaka barabarani na kushuka mbele yao polepole.

Kibandani, anatazama rafu tupu, na ndipo anapoomba chai. Fazi, ambaye naye hakwenda nyumbani, anamimina.

Mpango wa Mukhtar wa msimu ujao ni kupigilia rafu ya pili juu kijijini, ili wanaoshuka nao wakaguliwe minyororo kabla hawajaondoka. Kwa hiyo anahitaji ukuta wa mtu, na ule wa baba yake Sabreena unatazama barabara.

"Nitamwombea mimi," Owais anajitolea.

"Vizuri. Na umweleze kwa nini rafu hiyo inahitajika."

Owais anamrudishia mabuti ya mpira. Kisha anatoa simu na kumpigia mkwewe.