Nta Katika Masikio ya Baba

Maji yalirudi mtaani Jericho, Nairobi, Jumamosi asubuhi, na baba hakuyasikia. Mfereji wa jikoni alikuwa ameuacha wazi tangu juzi yake, kama wanavyofanya watu wote wa mitaa yetu maji yakipotea. Unauacha wazi na ndoo chini yake, halafu siku utakapousikia ukikohoa unakimbia kukinga. Mfereji wa baba ulikohoa, ukatapika, ukajaza ndoo, ukajaza jikoni, ukaingia sebuleni, na yeye ameketi kitandani na Biblia yake, miguu juu, ametulia. Jirani yake, mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitambaa kwa jumla, aligonga mlango mpaka mkono ukamuuma. Mwishowe alizungukia nyuma na kuingilia jikoni, maji yakimfika vifundoni. Marobota yake ya vitambaa yalikuwa sakafuni upande wa pili wa ukuta, na yalikuwa yameshalowa.

Mimi naishi Umoja, nina kibanda cha ushonaji huko. Nilipofika nilimkuta baba amekunja suruali, anasukuma maji nje kwa ufagio. Aliniona kabla sijasalimu.

"Mama," akasema, "ni nani amefungulia hii maji?"

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikamwambia ni yeye. Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia kwa sauti ambayo jirani wa tatu angeisikia, na nilikuwa nimeshakasirika, kwa sababu kumkaripia mtu kwa sauti kubwa huku unamhurumia ni kazi ngumu. Yule jirani mwenye vitambaa hakulalamika hata neno moja. Alisema tu, "Mzee ni wetu, pole," na nikatamani angetutukana.

Habari ilimfikia kaka yangu mkubwa kabla ya jioni. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani Ukambani, amejenga, na nyuma ya nyumba yake kuna chumba alichokiandaa kwa ajili ya baba tangu mama alipofariki. Chumba kizuri, siwezi kukisema vibaya. Shida ni kwamba baba hakitaki. Nyumba ya Jericho aliingia akiwa kijana wa kuendesha lori, akaoa akiwa humo, akatulea humo, na jeneza la mkewe lilitokea mlango huohuo. Ukimtajia habari za kurudi kijijini anakujibu, "Ushago nani ananijua? Wale walikuwa wananijua nimewazika." Baada ya hapo hasemi tena, na ukimsukuma sana anaacha kula.

"Leo ni maji," kaka akaniambia kwa simu. "Kesho ni moto. Nakuja kumchukua."

Nikamwambia kwamba baba si kiziwi. Ni nta imemziba.

Sikuwa nasema uongo, na nina sababu. Katika nyumba yetu Jumapili ilikuwa siku ya masikio. Tukitoka kanisani na kula, mama alikuwa anaketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anachomoa pini kwenye nywele zake, anaizungushia pamba, na kuita mmoja baada ya mwingine. Unalaza kichwa kwenye paja lake na kutulia, maana ukitikisika unazabwa. Sisi watoto tulikua tukamkimbia. Baba hakukimbia. Aliendelea kulaza kichwa pale kila Jumapili, mzee mzima na kofia yake mkononi, mpaka Jumapili ya mwisho ya afya ya mama. Alikuwa analala usingizi kabisa. Mama alimcheka, akasema huyu hakuoa mke, ameoa pini.

Tangu tulipomzika, hakuna aliyeyagusa masikio yale. Baba mwenyewe aliyachokoa kwa ufunguo wa kufuli, kwa kijiti cha kiberiti, kwa kifuniko cha kalamu. Majirani nao hawakumnyima dawa. Kuna aliyemletea mafuta ya kupikia yaliyopashwa na kitunguu saumu, na mama wa vitambaa alimletea mafuta ya habasoda kwenye kichupa. Baba ni mtu wa kukubali zawadi. Aliyamimina yote. Kwa hiyo nilipomwambia kaka ni nta, nilikuwa naiona kwa macho yangu imejaa humo ndani kama uji uliogandia chini ya sufuria.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Kisha akasema, "Haya. Mpeleke atolewe hiyo nta. Ikishatoka anipigie yeye mwenyewe, tuongee mimi na yeye. Akinisikia kwa simu, akae huko Nairobi yake. Asiponisikia, nakuja na pikapu, na wewe usinililie."

Nilimweleza baba masharti hayo uso kwa uso, polepole, ayasome mdomoni mwangu. Akacheka. "Kwani mimi sisikii? Ni nyinyi mnaongea kama mtu amekula viazi moto." Lakini Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa koti na kofia, ananingoja mlangoni.

Kliniki yenyewe iko Buruburu, ghorofani juu ya duka la dawa. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye taa ya kuvaa kichwani. Alimwita baba mzee wangu, akamwinamisha, akachungulia sikio la kulia, akazunguka akachungulia la kushoto, kisha akaniita nami nichungulie. Niliona kitu cheusi, kikavu, kimeziba tundu lote. Nilifurahi mno. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuangalia uchafu ule na kumshukuru Mungu.

"Imekuwa jiwe," daktari akasema. "Nikiitoa hivi itamchubua. Mumtilie matone kwanza ilainike."

Hayo matone yakatupa shida yao. Mgonjwa anatakiwa alale upande, sikio likiangalia juu, atulie hivyo mpaka dawa iingie. Kwetu baba halazi kichwa kwenye paja la binti yake aliyekwisha kuwa mtu mzima, hata awe mgonjwa namna gani. Kitanda chake nacho kiko katika chumba ambacho binti haingii. Tulibuni njia yetu. Alikuwa anapiga magoti kwenye zulia kama anayesali, analaza shavu kwenye kiti cha kochi, nami nasimama nyuma yake na kichupa, nikiwa nimenyoosha mkono mbali kama anayelisha ng'ombe mkali. Magoti yake yalikuwa yanalia. Baada ya upande mmoja nilimsaidia kugeuza uso, na tukaanza upya. Tulifanya hivyo asubuhi kabla sijafungua kibanda na jioni baada ya kufunga, na katikati yake nilikuwa nashona sketi za shule vibaya.

Matone yalimziba zaidi. Daktari alikuwa ametuonya kwamba nta ikinywa dawa inavimba kwanza, lakini kuonywa ni jambo moja na kuona ni jingine. Kidogo alichokuwa anasikia kikapotea. Wazee wenzake wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda karibu na soko walikuja kumwita, akaenda, akarudi mapema. Drafti ya Jericho haichezwi kwa mikono tu. Unatukanwa, unatabiriwa kushindwa, unaulizwa kama hiyo mikono ndiyo uliyoendeshea lori la watu, na wewe unajibu. Baba ndiye aliyekuwa bingwa wa kujibu. Siku ile, aliniambia, alikaa katikati yao akiangalia midomo inavyochekelea, na hakujua kama anayechekwa ni yeye.

"Nilicheka tu na mimi," akasema.

Mara ya pili daktari alijaribu kwa bomba. Ni bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, limejazwa maji ya vuguvugu. Baba alifunikwa taulo begani, akashika kibakuli chini ya sikio, na maji yakasukumwa ndani. Yalitoka meupe. Yakasukumwa tena, yakatoka na chembe. Baba akashikwa na kizunguzungu, akanikamata mkono kwa nguvu nisiyojua kama bado anayo, akasema lori linaanguka. Tulimlaza kwenye benchi mpaka chumba kikatulia kichwani mwake. Daktari akasema turudie matone. Kaka akapiga jioni hiyo kuuliza, nikamwambia bado. Akaniambia sikio la kufa halisikii dawa. Nilimkatia simu, maana kuna methali mtu mwenye busara huzimeza.

Tulirudi kupiga magoti. Nilianza kuiombea ile nta kanisani. Watu waliinuka kushuhudia watoto waliopata kazi na wagonjwa waliopona, nami nimefumba macho naomba tope litoke kwenye sikio la mzee. Niliomba liwe kubwa. Kadiri lilivyokuwa kubwa ndivyo lilivyoweza kuwa ndilo tatizo lote.

Na lilikuwa kubwa. Siku liliposhuka, maji ya kwanza tu yalilisogeza, ya pili yakalitupa kibakulini. Likalia kwenye bati. Daktari akaingiza koleo nyembamba akavuta kilichobaki nyuma yake, kikaja kirefu, cha rangi ya ugoro, kimenaswa na kitu kama uzi mchafu. Akakichambua kwa ncha ya koleo.

"Hii ni pamba," akasema. "Nani alikuwa anamsafisha huyu? Hata msimsafishe hivyo tena. Mnaisukuma ndani."

Nikamwambia aliyekuwa anamsafisha ni marehemu. Baba alikuwa amekiinamia kibakuli, amevaa miwani. Hakuna aliyemwambia neno, lakini aliitambua. "Hiyo ni ya mama yenu," akasema, na akaitazama muda mrefu bila huzuni yoyote, kama mtu aliyekutana na jamaa yake sokoni.

La sikio la kushoto lilitoka kwa urahisi. Daktari aliyakausha yote mawili, akachungulia, akasema ni safi, ngozi nzuri, ngoma nzima. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Kisha akasimama nyuma ya kiti cha baba na kusema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, inua mkono."

Baba aliendelea kuangalia kibakuli.

Akasogea karibu, akarudia. Akarudia kwa sauti kubwa, na hapo baba akageuka, lakini aligeukia upande usio na mtu. Daktari alileta chuma cha kugonga kinacholia, akakigonga, akakiweka nyuma ya sikio, akaniangalia.

"Nta ilikuwepo," akasema, "lakini haikuwa yenyewe. Mishipa ya ndani imeisha. Ni umri, na hiyo injini aliyokalia maisha yote. Ataenda hospitali kubwa wampime vizuri, lakini nisikudanganye. Hata kifaa cha kusikilizia kitamletea kelele tu. Maneno hayatarudi."

Aliyasema hayo yote bila kushusha sauti, baba akiwa ameketi katikati yetu, kofia magotini, anatabasamu. Hakukuwa na haja ya kipimo kingine. Nilikuwa nimejenga tumaini langu lote juu ya uchafu, na sasa uchafu umetoka.

Tulishuka ngazi. Chini kuna benchi nje ya duka la dawa, tukaketi, maana mimi sikuweza kuendelea. Baba alikuwa mchangamfu. Aligusa sikio hili, akagusa lile, akaniambia kichwa kimekuwa chepesi. Akaniambia kwamba magari sasa anayasikia. Barabara mbele yetu ilikuwa tupu.

"Mpigie ndugu yako," akasema.

Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kwa mkono, baadaye, nyumbani. Alinitazama machoni. Sijui uso wangu ulikuwa na nini, lakini kila kilichokuwepo alikisoma.

"Mpigie sasa."

Nikapiga. Sauti ya simu nilikuwa nimeiweka juu kabisa tangu asubuhi kwa ajili yake. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akajibu kwamba mteja hapatikani, na kabla sijasema neno baba alishaichukua simu mkononi mwangu na kuibana sikioni, lile la kulia, lililosafishwa.

"Ni mimi," akasema. "Eeh. Wametoa. Ilikuwa kubwa, hata ungeshangaa." Akangoja kidogo, muda ule ule ambao mtu mwenye adabu humpa mwenzake ajibu. "Nakusikia vizuri. Vizuri kabisa. Huko mvua imenyesha?" Akangoja tena. "Haya, ni Mungu. Watoto wasalimie. Haya. Haya, mwanangu, asante."

Akanirudishia simu. Mimi nilijifanya naiangalia kofia yake.

"Amekubali," akasema. "Amesema nikae."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hilo angeliona. Akainuka, akanyoosha koti, akaanza kwenda zake kuelekea barabara ya Jericho kwa hatua za mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa bado nimeketi simu ilipolia. Alikuwa ni kaka, amepatikana sasa, ananipigia. Iliita kwa sauti ile ya juu kabisa mpaka mwenye duka akatoa kichwa nje kuangalia ni nini. Ikakatika, ikaanza tena. Baba alisimama mbele kidogo, akageuka kuona kwa nini simfuati, na akanipungia mkono niharakishe.