Kahawa ya Barka

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1968, nilikabidhiwa ndoo ya chokaa. Nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi ikakatika mstari, na kwapani nina diploma ya mazoezi ya viungo niliyoipata Cairo kwa jasho langu, mimi niliyetoka Unguja mwaka 1964 na shati moja. Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono. Kocha Mkuu wa mpira wa magongo katika chuo cha kampuni ya mafuta, hapa Maskati, alikuwa Mhindi mstaafu wa jeshi tuliyemwita Kapteni. Bahasha yangu hakuifungua.

"Uwanja kwanza," alisema. "Karatasi haizuii mpira."

Nyinyi mnaofundisha Qurum na Al Amerat kwenye nyasi hamuwezi kuujua uwanja ule. Ulikuwa changarawe tupu. Kila asubuhi niliokota mawe, nikamwaga maji, nikaviringisha pipa lililojazwa saruji mpaka ardhi ikaze, ndipo nikachora mistari. Jioni nilicheza kiungo wa kati, na nilicheza vizuri. Walio hai hawatabisha. Lakini sikutulia. Hata nikikaa kula, goti lilikuwa linacheza. Nilitaka filimbi ya kocha.

Mwaka wa pili nikawa msaidizi, na silaha niliyoileta ni kona fupi. Mchezaji mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa goli, wa pili anausimamisha kwa kiganja ukingoni mwa duara la goli, wa tatu anaupiga. Siku hizo mkono uliruhusiwa. Msimamishaji wangu alikuwa Khalfan, Mzanzibari mwenzangu, viganja vyake kama sahani. Mpigaji nilikuwa mimi.

Mapema mwaka 1970 Kapteni akaitwa kwao. Mkuu wa Chuo, Mwingereza, alitaka kumleta mtu wa Karachi ashike nafasi yake.

"Ijumaa unaipeleka timu Barka kucheza na wenyeji," Kapteni aliniambia. "Mkuu wa Chuo atakuwepo kukutazama. Ukicheza vizuri, filimbi yako. Ukiwavunjia wenyeji heshima, unarudi kwenye chokaa."

Ndani ya lori niliwapa vijana amri. "Halwa msiiguse. Samli ikikaa mkononi, gongo linateleza. Na kahawa inakausha koo. Pokeeni kikombe kwa adabu, mkiweke chini."

"Yakhe, hiyo imo kwenye diploma?" Khalfan akauliza.

"Imo." Haikuwemo.

Mwenyeji wetu, mzee aliyeilea timu ya Barka, alitukaribisha kwenye sabla, barza yao ya wageni. Sinia ya halwa iling'aa samli. Mtumishi akapita na dele la kahawa, akamimina. Nikaweka kikombe changu chini kwanza, na wote wakafuata. Mzee naye akaweka chake.

"Sema unalolitaka," akaniambia.

Sikumwelewa. Khalfan, aliyekaa mwaka mzima kwa bibi yake huko Nizwa, akaninong'oneza. "Huku mgeni akiiweka kahawa bila kuinywa, ana jambo analidai. Mwenyeji keshajifunga kulitimiza. Hawezi kunywa mpaka useme."

"Mbona hukunambia ndani ya lori?"

"Si ulisema imo kwenye diploma?"

Mkuu wa Chuo alikuwa ananitazama. Niliiona ndoo ya chokaa waziwazi. Ningeweza kudai chochote, hata mshambuliaji wao bora, na mzee angemtoa huku moyo unamuuma.

"Mzee, nnaomba unifundishe kunywa kahawa," nikasema. "Nimesoma Cairo, lakini hili hawakunifunza."

"Hilo dogo," akasema. "Nilidhani unamtaka mshambuliaji wangu." Akanionyesha: mkono wa kulia, vikombe visizidi vitatu, kisha utikise kikombe ujulikane umetosheka.

"Na halwa?" nikauliza.

"Halwa ni sehemu ya somo." Akaisogeza sinia, na hatukuinuka mpaka ikaisha.

Tulicheza na matumbo mazito na mikono ya samli. Dakika za mwisho tuko nyuma kwa goli moja, tukapata kona fupi. Khalfan akanionyesha viganja vinavyong'aa licha ya kuvisugua kwa vumbi.

"Acha mkono," nikamwambia. "Piga goti, lilaze gongo chini kama kizingiti."

Mpira ulikuja, ukagonga gongo, ukafa pale pale. Nikaupiga, ubao wa goli ukalia. Tukawa sare, moja kwa moja. Sijasikia aliyeyafanya hayo nchini humu kabla yetu, na bado nnamngoja wa kunikanusha.

Wiki ile ile Kapteni alinivisha filimbi shingoni. "Sasa karatasi yako itundike," alisema. "Lakini mwenye filimbi hachezi." Goli la Barka likawa la mwisho kwangu. Nilifundisha mpaka nikastaafu, na timu zangu zilishinda sana, lakini miguu haikukubali kamwe kusimama pembeni.

Leo walimu vijana wananijia nyumbani kwangu Qurum na vyeti ndani ya simu. Siviangalii. Namimina kahawa, nangoja. Mwezi uliopita mmoja alikiweka kikombe chini bila kukigusa.

"Sema unalolitaka," nikamwambia.

"Hamna kitu, babu. Ya moto tu."

Lakini mimi nilikuwa nimeshajifunga. Nikainuka, nikafungua mtoto wa meza, nikampa filimbi ile ya Kapteni.