Namba Nne Hatoki

Mzee Mjerumani wa ghorofa ya chini ya jengo letu, hapo mjini Hopkins, Marekani, alikuwa na picha moja tu ukutani: kijana mwenye nywele ndefu akiruka kuupiga mpira kichwa. Nilipompelekea barua yake iliyoletwa kwetu kwa makosa, nikamuuliza ni nani.

"Mimi. Nilikuwa beki, daraja la pili. Kisha nikawa kocha, miaka mingi kuliko niliyocheza."

Alikuwa amemfuata binti yake huku. Nikamwomba aje kutuangalia na kuwa kocha wetu, sisi Wakenya wa kanisani, tunaocheza kila Jumapili baada ya ibada kwenye uwanja mmoja kule Columbia Heights.

Nahodha wetu, namba nne, alikuwa mjomba wangu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, wiki nzima akiinua wagonjwa katika makao ya wazee, na goti lake lilikuwa limeanza kukataa. Sote tuliliona. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Mjerumani alimwona akichechemea, akaita namba nne atoke. Akatoka namba saba. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi. Akatoka namba kumi na moja, ameinamisha kichwa kwa adabu. Mzee akanigeukia.

"Hawajui kuhesabu?"

"Wanajua. Lakini huyo ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, karibu wote."

Tulifungwa manne. Garini mjomba aliweka barafu juu ya goti.

"Mjerumani wako ananiwinda," alisema. "Nikitoka mara moja tu, Jumapili ijayo nani atanipigia simu nije kucheza?"

Tulipofika nyumbani nikashuka ghorofa ya chini. Nilimuuliza mzee yeye mwenyewe alitokaje uwanjani. Alisugua kidevu.

"Sikutolewa. Jumamosi moja kocha aliniketisha kando yake, akaniuliza ninaona nini. Nikaona beki wetu wa kushoto anaogopa mipira ya juu. Nilikuwa nimecheza naye miaka sita."

"Iliuma?"

"Nililia garini. Halafu nikataka kujua ni nini kingine nilikuwa sijakiona."

Jumapili iliyofuata hakuita namba yoyote. Wakati wa mapumziko alikisogeza kiti chake cha kukunja, yeye akabaki amesimama.

"Nahodha, kaa hapa uniambie unaona nini."

Mjomba alinitazama kama mtu aliyeuzwa na wa nyumbani kwake. Hata hivyo aliketi, maana mzee akikuachia kiti chake, hukatai. Kipindi cha pili kilianza, naye akakunja mikono kifuani. Nilidhani amekasirika. Kisha akaninong'oneza kwa Kiswahili, macho yakiwa uwanjani:

"Huyu namba saba siku zote hukimbia akiangalia chini?"

"Siku zote, Mjomba."

"Na mimi ndiye ninayempa pasi."

Mjerumani akainama. "Anasema nini?"

"Mwambie asubiri," mjomba akasema, "bado naangalia." Akainama na kulegeza kamba za kiatu kimoja. Kile kingine akakiacha kimefungwa.