Mama wa Kitanda cha Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini, matroni wa hospitali moja hapa Nyeri alinikuta kando ya kitanda, nimefumba macho, nikimwombea kwa sauti mzee aliyekuwa akitetemeka. Alinivuta pembeni.

"Unaomba vizuri, msichana," akasema. "Lakini huyo mzee ako na shuka mbichi. Mgonjwa hana pa kukimbilia. Kama uko na Yesu, mgonjwa amwone kwa maji ya uvuguvugu. Na usimguse mtu kabla ya kumwambia unataka kufanya nini. Hata aliyezimia."

Maneno hayo nilienda nayo Kiriaini, kwenye kituo cha afya nilikopelekwa kwanza, kisha Timau, halafu nikarudishwa Nyeri, wodi ya wanawake. Nilikuwa nakaribia kustaafu alipoletwa Mama Njoki, muuza mboga aliyegongwa na pikipiki.

Alikuwa kwenye koma, yaani mtu anapumua lakini haamki. Tulimlisha uji mwepesi kwa mpira unaopitia puani, na tukamgeuza mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia. Baadaye macho yake yalifunguka, lakini hayakumtazama mtu. Ilikuwa msimu wa baridi. Ukungu kutoka mlimani ulikaa dirishani mpaka mchana, na uso wake ukawa na rangi ile ile ya kioo. Mgonjwa wa kitanda jirani aliniomba nimhamishe.

"Sista, yule mama ananisikiliza."

"Si unaongea? Acha asikie."

"Ananisikiliza hata nikinyamaza."

Muuguzi mwenzangu, Gathoni, alikuwa mchapakazi na mwimbaji wa kwaya. Lakini kila tulipofika kwa Mama Njoki alisema, "Haya, tugeuze hili gogo twende chai." Nilimwambia huenda anasikia. "Ati anasikia? Huyu alishaenda, Wangechi. Tumebaki na nguo tu." Akacheka kidogo, kicheko chake kifupi cha puani.

Kisha midomo ya Mama Njoki ikaanza kucheza. Haikutoa sauti. Niliinama nikaweka sikio, nikasikia pumzi tu, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayejifunza maneno ya wimbo.

Adhuhuri moja tulikuwa tumeshika shuka, mimi huku, Gathoni kule, kabla yeyote kati yetu hajasema neno. Sauti ikatoka kitandani.

"Haya, tugeuze hili gogo twende chai."

Haikuwa sauti ya mama mzee. Ilikuwa ya Gathoni, na kicheko cha puani kikafuata. Gathoni akaachia shuka. Macho ya Mama Njoki yalikuwa bado juu, kwenye dari. "Tumebaki na nguo tu," ikasema. Halafu ikabadilika, na nikajisikia mimi mwenyewe nikiongea mbele yangu: "Mama Njoki, ni Wangechi. Nakugeuza upande wa dirisha. Maji si baridi." Aliyekuwa akipiga deki alisimama.

Gathoni hakuja kazini siku kadhaa. Aliporudi, Mama Njoki alikuwa ameanza kuongea kwa sauti yake mwenyewe, nzito na ya taratibu. Gathoni alipiga magoti, akamshika mkono.

"Mama, nisamehe."

"Ni wewe?" Mama Njoki akamtazama sana. "Sikuwa najua uso. Nilijua tu ile sauti ikikuja, naanza kusikia baridi. Nimekusamehe, mwanangu. Inuka."

Nikamuuliza alikuwa wapi siku zile zote.

"Kwa ukungu. Na sikuwa peke yangu, Sista. Tulikuwa wengi, tumelala, tunasikiliza huku kwenu. Ukiniita jina, hata hao wengine walikuwa wanageuka."

"Na sasa wako wapi?"

"Hao hakuna mtu aliwaita," akasema. "Waliacha kugeuka."

Mama Njoki alipona, ingawa alirudi nyumbani akitembelea mkongojo. Gathoni hakuhubiri wala kutoa ushuhuda kanisani kuhusu jambo lile. Ila tangu siku hiyo sikumwona akimgusa mgonjwa bila kumwita jina.

Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana huniuliza Ukristo wa kazini ni upi. Mimi huwaambia wachunge wanachosema mbele ya mtu asiyeweza kujibu. Wengine hucheka. Wengine huangalia chini.

Siku yangu ya mwisho kazini nilipitia wodini kuaga. Kitanda cha dirishani hakikuwa na mtu, na nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kioo. Nikaona siwezi kuondoka hivi hivi. Nikasimama pale, nikaanza kutaja majina ya wote niliowauguza wakafa bila kuamka, moja moja, kwa sauti ya kawaida tu. Gathoni akaja akasimama kando yangu. Nilipokwama, yeye akaendelea.