Dirisha Lililozibwa kwa Ajili ya Mota

Saa mbili asubuhi Ponsian anashusha glasi ya maziwa kwa mkupuo mmoja, anajipangusa mdomo, kisha anaingia kwenye chumba cha vanishi na kuvuta mlango nyuma yake. Maziwa hayo si kifungua kinywa. Ni kinga. Ndiyo kinga pekee aliyopewa na karakana tangu aanze kazi hapa Mpanda mjini, mwaka 1972.

Chumbani hamna dirisha. Lilikuwepo. Alama yake bado inaonekana ukutani, matofali yake ni mapya kuliko majirani zake.

Mezani imelazwa mota ya mashine ya kusaga mahindi, imesukwa nyaya upya, bado ya moto kutoka kwenye tanuri, maana nyaya zenye unyevu haziipokei vanishi. Ponsian anainamisha kopo. Vanishi inashuka kama uzi wa asali juu ya shaba, inazama, inachuruzika upande wa chini. Ikigusa tu ule moto, harufu inapanda. Inakaba koo na kuchoma macho.

"Usipoijaza vizuri, waya unagusana na mwenzake, mota inaungua," anasema bila kuinua uso. "Kijiji kizima kinarudi kwenye kinu. Akina mama wanamlaani nani? Mimi."

Basi haharakishi. Anamimina, anageuza, anamimina tena. Akitoka nje anashika ukuta. Macho mekundu, ulimi mzito. Ukimwuliza jambo, anacheka kwanza ndipo ajibu.

Hapo ndipo watu wa Shanwe, anakoishi, walipompitishia hukumu: Ponsian ni mlevi.

"Fundi! Leo ya mtama au ya asali?" walimtania njiani. Watoto walimwiga anavyopepesuka. Mtu wa miaka thelathini na minne, ambaye hajaonja pombe tangu alipopata kipaimara! Akikana, walicheka zaidi. Mlevi gani anakiri?

Utani ulimwuma, lakini jirani yake Anselmo ndiye aliyemkata maini. Anselmo alikuwa amemchagua awe baba wa ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Mwezi uliopita alikuja hadi mlangoni, hakutaka kiti.

"Ponsian, ndugu yangu, usinichukie. Mke wangu anaogopa. Mtoto abebwe na mtu anayeyumba, mbele ya padri?"

"Ninuse mdomo. Njoo hapa, ninuse."

"Walevi wa siku hizi wanatafuna majani ya mpera kuua harufu," Anselmo alijibu, akaondoka.

Neno halikai mjini. Likafika kijijini Kasokola kwa Mama Marsela, aliyemzaa Ponsian. Mama huyo akajifunga kanga, akashika njia kwa miguu, akaingia karakana bila kumsalimia mtu. Alikuja kumkemea mwanawe. Alimkuta katikati ya kumimina, na kazi hiyo haiachwi nusu. Mama akageuza debe, akakalia, akaanza.

"Baba yako alizikwa hajui ladha ya pombe. Wewe umerithi kwa nani?"

"Mama, ngoja nimalize."

"Nimengoja! Nimengoja tangu Kasokola!"

Akasema, akasema. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Akanyamaza. Halafu akacheka, mama ambaye hata harusini hacheki ovyo. Aliposimama, chumba kikazunguka. Ponsian akatupa kopo, akamdaka kabla hajaiangukia mota.

Nje, Mama Marsela akakaa chini, kilemba kimemvuka, akatapika. Mafundi wawili wakapigana vikumbo kwa kicheko. "Kumbe ni ukoo mzima!"

Mama akainua kichwa. "Chekeni nyie. Pombe mimi naijua kwa kuwapikia wengine. Leo nimelewa. Haya, nani amenipa?"

Mafundi wakarudi kwenye meza zao.

Mkuu wa karakana, Ndugu Eustace, alitoka ofisini ameshika glasi ya maziwa. "Kunywa, mama. Yanasafisha kifua."

Yanasafisha kifua! Jamani, maziwa yanakwenda tumboni, harufu inakwenda kifuani. Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha mtoto mwenye kikohozi anajua kwamba hizo ni njia mbili. Lakini miaka yote hii mtu mzima mwenye ofisi anagawa maziwa na kulala usingizi.

Mama Marsela hakuipokea glasi. Alinyoosha kidole ukutani. "Lile dirisha mlizibia nini?"

"Vumbi, mama. Likinasa kwenye vanishi mbichi, mota inaharibika."

"Kwa hiyo mota mmeionea huruma."

"Mota ni mali ya watu, mama."

"Na huyu ni mali ya nani?"

Ndugu Eustace alirudi ofisini na glasi yake. Alipoulizwa baadaye na gazeti hili, alisema wanaoitaka kazi ya Ponsian ni wengi, asiyeiweza aseme. Alisema hivyo akiwa amekaa ofisini, na dirisha lake liko wazi.

Ni kweli ni wengi. Wazazi wa huku tunajua jembe linavyochosha. Mtoto akipata kazi ya kivulini tunamshukuru Mungu na kuchinja kuku. Tunauliza mshahara, na wa Ponsian haufiki shilingi mia nne kwa mwezi. Hatuulizi chumba kina dirisha au hakina. Mzazi mwenye kijana karakanani, nenda kakae naye humo ndani. Usimngojee nyumbani umnuse mdomo.

Juma lililopita Mama Marsela alituma kutoka Kasokola kipande cha amerikani. Agizo lake ni fupi: matofali yatoke, kitambaa kilowekwe maji, kitundikwe dirishani, vumbi litanasa pale, upepo utapita. Ponsian amekipeleka kwa Ndugu Eustace na kukilaza mezani kwake.

"Nimemwambia, Jumatatu nikikuta ukuta uko vilevile, siingii," anasema. "Akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa na akili zangu."

Huogopi? Anacheka, na mara hii kicheko ni chake mwenyewe.

"Naogopa sana. Lakini Anselmo amerudi, amesikia yaliyompata mama. Amesema ubatizo wameusogeza mbele, wanaangalia." Anakunja mikono kifuani kama aliyepakata kitu kidogo. "Sitaki mtu anihurumie. Nataka nimbebe yule mtoto mpaka kwenye maji, na asiwepo mtu pembeni aliyenyoosha mikono kumdaka."