Uso wa Dirishani

Watu walimpa jina la Dirishani, kwa kuwa kila jioni alionekana kwenye kidirisha cha kona ya televisheni, akitafsiri taarifa ya habari kwa lugha ya alama. Kazi hiyo alizaliwa nayo. Mama yake ni kiziwi, na yeye alijua kuuliza kwa kuinua nyusi, kama lugha hiyo inavyotaka, kabla hajajua kuuliza kwa mdomo.

Umri ulipoanza kumlegeza mashavu, mpambaji wa studio alimnong'oneza habari za nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi na kuuvuta uso juu.

"Huyeyuka zenyewe, dada. Hutajua hata kama ziliwahi kuwepo."

Akaenda. Mwaka wa kwanza alipendeza kweli. Mama yake alimshika kidevu, akamgeuzageuza kwenye mwanga, akacheka.

Mwaka uliofuata shavu la kushoto likawa linamuuma akitafuna. Ngozi ikaingia vishimo, ukaja uvimbe, kisha usaha, na ncha ya uzi ikachomoza karibu na sikio. Daktari wa upasuaji alitoa vipande alivyovifikia. Vingine vilikuwa vimeng'ang'aniwa na makovu, na mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia.

"Maumivu yatapungua," alimwambia bila kumzungusha. "Lakini shavu hili na unyusi huu kusogea tena, siwezi kukuahidi kitu."

Watazamaji viziwi wakaanza kulalamika: maswali yanatoka kama majibu, na msiba unasomwa kama hali ya hewa. Dirishani alijitazama kwenye marudio ya kipindi, akaomba kupumzishwa kabla hajaambiwa.

Kilichomkata maini hasa kilikuwa nyumbani. Alimkuta mama yake akimenya viazi, akamuuliza kwa mikono kama amekunywa dawa.

"Unaniuliza au unaniambia?" mama akajibu kwa vidole vyake vilivyopinda kwa uzee.

Akarudia, safari hii akiinua nyusi kwa kidole, na mkono mmoja uliobaki haukutosha sentensi. Mama akaweka kisu chini.

"Siku hizi ukisema nami, naona kama umenikasirikia."

"Sijakasirika, mama."

"Najua. Moyo wako naujua. Uso ndio siujui."

Wakakubaliana kwamba kila swali limalizwe kwa kugonga meza. Inasaidia. Ila utani umekufa. Utani wao wote ulikuwa usoni, na mama yule aliyependa mizaha kuliko chakula sasa humwambia binti yake la lazima tu, kisha akaendelea na shughuli zake.